Kitendawili Kilicholala

Shamba la migomba lina harufu yake baada ya mvua, na asiyekulia ndani yake hawezi kuijua: majani makavu yaliyolowa, udongo mwekundu, maganda yanayooza taratibu kwenye mashina, na moshi wa jikoni unaotambaa chini chini kwa sababu majani ya juu hayauruhusu kupanda. Kwangu mimi harufu hiyo haiji peke yake. Huja na harufu ya kitenge, cha kijani chenye maua ya njano, kilichofuliwa hadi kikawa laini, kikinukia sabuni ya mche na unga wa mahindi wa msaada. Kilikuwa cha Mama Kaneza, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akija kumlimia bibi yangu. Chini ya kitenge hicho, jua likiwa utosini, mimi, mdogo wangu Deo, rafiki yetu Masanja na Kaneza mwenyewe, binti wa mwenye kitenge, tulijitengenezea usiku wetu wa kutegana vitendawili.

Msomaji atauliza kwa nini watoto wenye akili timamu wajifunike nguo mchana wa joto. Nitasema, ila asinicheke. Kijiji chetu kiko wilayani Ngara, na wakati ule kilikuwa jirani na kambi ya Lukole. Mama Kaneza alikuwa akija asubuhi na binti yake, analima au kupalilia, na jioni Bibi anamtwisha mkungu wa ndizi. Ilikuwa lazima wawe wamerudi kambini kabla ya giza. Sasa, Bibi yetu alikuwa Mkatoliki wa kupigiwa mfano, rozari haikumtoka shingoni, lakini miiko ya wazee wake aliishika kwa mkono wa pili, na mmoja wa miiko hiyo ulisema kitendawili ni cha usiku. "Anayetega vitendawili mchana," alituambia Bibi, "hupotea njia ya kwao." Hakusema kwa utani. Basi Kaneza asingeweza kucheza nasi usiku kwa sababu ya kambi, na sisi tusingeweza kucheza naye mchana kwa sababu ya Bibi. Ni Kaneza aliyepata dawa. Alimfungua mama yake kitenge kiunoni, mama akabaki na gauni la kazi, naye Kaneza akatuvuta shambani kwenye migomba minene, akatufunika wote wanne. "Haya," akasema, "kumeshaingia giza."

Na kweli kulikuwa giza, giza la kijani. Tulikaa tumebanana magoti kwa magoti, jasho linatutiririka, Masanja ananuka maziwa kama kawaida ya watoto wa wafugaji. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia ng'ambo ya kijito na ng'ombe wao, wakitokea Shinyanga. Kaneza alifungua mchezo kwa lugha ya kwao, "Sokwe!", nasi tukaitika "Niruze!" kwa sababu Kihangaza chetu na Kirundi chake ni ndugu wa tumbo moja. Masanja, aliyekuwa bado anavihangaikia vyote viwili, alinuna, ndipo tukahamia Kiswahili cha shule: "Kitendawili!" "Tega!" Tulikuwa na sheria zetu. Anayeinuka na kuacha mwanga uingie amewikisha jogoo, na wengine tunapiga kelele, "Kumekucha!", mchezo umekwisha. Kitendawili kilichokuwa hakijateguliwa wakati huo hakifi. Kinalala. Aliyekitega hulala nacho mpaka siku tutakapokutana tena, na ni mwiko kumwambia mtu jibu njiani au kisimani.

Sisi wengine tulitega vile vya kurithi, kazaliwa na ndevu, nyumba isiyo na mlango, vya kila siku. Kaneza alikuwa anatunga. Nasema kwa moyo mweupe, nimesoma, nimefundishwa na walimu wengi, sijakutana tena na kichwa kama kile. Alichokiona njiani asubuhi, mchana tayari kilikuwa kitendawili. "Wamevaa sare, hawaendi shule." Tukatoka jasho. Askari? La. Wafungwa? La. Kunguru? La, la! Tuliposhindwa akasema ni nyumba za kambini, zote zimevikwa maturubai ya rangi moja. Tukamzomea kwamba kadanganya, naye akacheka mpaka kitenge kikaanguka. "Kumekucha!" akapiga kelele Deo, kwa furaha ya kupumua.

Lakini kabla ya kutoa jibu alikuwa anadai mji wake. Hiyo tuliipata shuleni, na tuliipenda kuliko vitendawili vyenyewe: aliyeshindwa anaambiwa, "Nipe mji," naye anatoa mji anaoutaka. Mtegaji anaupokea, anajisifu kidogo kwamba alifika kwenye mji ule, akapokewa, akalishwa, kisha ndiyo anasema jibu. Masanja alikuwa anatoa Shinyanga tu, kana kwamba dunia haina mji mwingine. Mimi nilitoa Bukoba, Mwanza, Dar es Salaam, miji ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona hata kwa mbali. Kaneza aliipokea yote kwa adabu na kuikalia. Mwanza alikula samaki mkubwa kuliko mlango. Bukoba alipanda meli. Siku moja Deo, kwa ujinga wa utoto, akampa Lukole.  Kaneza akakiinua kitenge mwenyewe, mwanga ukaingia, na hakuna aliyesema kumekucha.

"Lukole si mji," akasema. "Lukole tunakaa tu."

Nikamuuliza, basi mji wake upi. Akasema mama yake anaujua. Uko kilimani, Burundi, una kisima chenye maji baridi na mti wa parachichi nyuma ya nyumba. Yeye alizaliwa kambini. Hakuwa ameuona mti huo wala kilima chenyewe. Siku ile nikaamua moyoni kwamba nikishindwa tena nitampa kijiji chetu, Bibi na migomba na vyote vilivyomo, awe na mji unaoshikika. Nikasubiri kitendawili cha kunishinda sawasawa, kwa sababu zawadi kubwa haitolewi ovyo.

Ndipo habari za kurudi zikaja. Zilianza sokoni, zikaingia kanisani, mwishowe zikawa ndizo habari peke yake: kambi inafungwa, Warundi wanarudi kwao. Watu wazima walizipokea kwa methali, kama wanavyopokea jambo lolote wasilojua walifanyeje. "Mtu kwao," alisema jirani mmoja, na mwingine akaitikia hivyo hivyo, na mimi nikatamani kuwatupia jiwe. Nilikuwa na hofu yangu ambayo sikuweza kumwambia mtu. Msimu mzima tulikuwa tumetega vitendawili mchana. Bibi alisema anayefanya hivyo hupotea njia ya kwao, na sasa Kaneza ndiye aliyekuwa anaanza safari ya kwao. Mimi na Deo tungepotea wapi, na nyumba yetu tulikuwa tunaiona kutoka kila upande?

Nilimfuata Bibi jikoni akimenya ndizi. Nikamuuliza kwa mzunguko, kama usiku wa kutengenezwa kwa nguo nao ni usiku. Bibi hakuwa mjinga. Aliweka kisu chini.

"Nilikuwa nawaona siku zote," akasema. "Nguo inacheka shambani, mnadhani mimi kipofu?"

"Sasa Kaneza atapotea?"

Akajifuta maji ya ndizi mikononi. "Mjukuu wangu, yule njia yake ilipotezwa na watu wazima kabla hajazaliwa. Ninyi hamkumfanya kitu." Kisha akachukua kisu na kuendelea kumenya, na nikaona machozi yanamdondoka kwenye ndizi, nami nikaondoka bila kutulia hata chembe.

Siku ya mwisho walikuja kuaga. Mama Kaneza hakuja kulima. Alikuwa amevaa gauni zuri, kichwa amekifunga, na alileta jembe la Bibi alilokuwa ameazima, amelisugua likang'aa. "Shikamoo mama," akasema, akapiga goti. "Marahaba mwanangu." Wakaingia ndani wakafunga mlango, wakalia huko. Masanja hakuwapo, alikuwa machungani. Tulibaki uani watatu, na Kaneza akasema kitenge kimekwisha kufungwa kwenye mzigo. Nikataka kukimbilia ndani kutafuta kanga ya Bibi, akanishika mkono. Akasema hakuna nafasi ya kuingia usiku. Akasimama pale mlangoni, ameipa nyumba mgongo, uso kwenye migomba, jua kali, mchana mweupe bila hata uzi wa kujificha, akasema:

"Kitendawili!"

Nikageuka kuangalia mlango wa Bibi. Lakini utamwachaje mtu anayesema kitendawili usimwitikie? "Tega," nikasema.

"Ananipungia mkono kila siku, wala hasafiri."

Nikasema ni mama. Hapana. Nikasema ni mlinzi wa lango la kambi. Hapana. "Bendela!" akasema Deo, ambaye mpaka leo r na l kwake ni kitu kimoja. Kaneza akacheka kidogo, akasema bendera inapunga sherehe, huyu wake anapunga hata pasipo watu. Tukajaribu, tukashindwa. Akanigeukia, akanyoosha kiganja kama afanyavyo siku zote, akasema, "Nipe mji."

Nao mji nilikuwa nao. Nilikuwa nao ulimini kabisa. Lakini nikaona nikimpa atasema jibu, na akisema jibu mchezo umekwisha, na mchezo ukiisha hana sababu ya kurudi. Nikamwambia, "Kilale." Alinielewa papo hapo, yule mtoto. Akafumba kiganja taratibu. "Kilale," akasema, "nitakuja kudai." Mama yake akatoka, macho mekundu, akatuambia milima haikutani, binadamu hukutana. Wakaondoka. Kesho yake magari yakapita barabarani, mengi, yamejaa watu na mabunda na kuku, na tulisimama na Deo tukipungia kila gari kwa sababu hatukujua yeye yuko lipi.

Binadamu hukutana, ndiyo, lakini si wote. Nilipokua nilianza kuulizia. Niliuliza wanawake wanaovuka mpaka kuja kuuza mafuta ya mawese na maharage. Kila mmoja alimjua Kaneza fulani, kwa kuwa Kaneza kule ni wengi, na hakuna aliyekuwa wangu: mnene mno, mzee mno, hajawahi kukaa kambini. Wengine waliniuliza anatoka kilima gani, na mimi nilichokijua ni kisima chenye maji baridi na mti wa parachichi. Mmoja akaniambia kwa upole, "Dada, Burundi yote ina maparachichi." Bibi alifariki akiwa bado anamtaja kwenye sala za jioni, yeye na mama yake, na hakuwahi tena kutukataza vitendawili, mchana wala usiku. Pale ilipokuwa kambi vichaka vimeota. Nimepita mara nyingi, na unaweza kupita usijue kwamba watoto walizaliwa pale wakaambiwa si kwao.

Sasa ninaishi Biharamulo mjini, nina mume, nina watoto. Wanangu nao wana vitendawili, viko kwenye simu. Wanavisoma kwa sauti, wakishindwa wanashusha kidole na jibu liko pale chini linawasubiri. Siwalaumu, simu hawakuinunua wao. Siku moja nilimwambia mkubwa, kabla hujatazama jibu toa mji kwanza. "Nimpe nani, mama?" akaniuliza. Nikamfokea bure kuhusu vyombo ambavyo havijaoshwa.

Msimu huu wa mvua Deo alinipigia simu. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Akasema, dada, njoo uage shamba. Mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba, majani yanageuka njano mtindo mmoja, ukipasua ndizi ndani kumeoza. Bwana shamba alikuwa ameshasema hakuna dawa, ni kukata na kufukia, yote. La kuvunda halina ubani. Nilifika jioni kazi imekwisha, shamba alilopanda babu yangu limelala chini, utomvu unanuka, nikaingia kulala bila kutazama.

Asubuhi nilitoka mlangoni na kikombe cha chai. Upepo ulikuwa unavuma, nilihisi kwenye shavu, lakini mbele yangu hakuna kilichotikisika. Nikashindwa kuelewa kwa nini ua umekuwa mgeni kiasi kile. Nilikuwa nimesimama palepale aliposimama Kaneza, nyumba mgongoni, uso kwenye shamba. Maisha yangu yote nilikuwa nikitoka kwenye mlango ule kuna kitu kinanisalimu, kinainua mkono na kuushusha, na nilikuwa sijakitambua mpaka kilipokatwa.

"Jani la mgomba," nikasema.

Deo alikuwa anapita na panga. Akasimama. Nilidhani ataniuliza nina nini, lakini aliweka panga chini, akatazama shamba tupu, kisha akanitazama mimi.

"Mimi nilisema bendela," akasema.

Tukakaa kizingitini kama watoto, chai ikapoa. Ukitegua kitendawili unasubiri mwenyewe akwambie umepata, na hakukuwa na wa kuniambia. Na aliyepata hadaiwi mji. Kijiji kile nilichomwekea, chenye Bibi na migomba na vyote vilivyomo, hakuna tena atakayekinyooshea kiganja. Miaka yote hii nilikuwa nikimwomba Mungu anipe jibu. Laiti ningeshindwa, Kaneza, uje udai.