Niliomba Mahali pa Nyuki

Cheka tu, ukimaliza uniache niendelee, maana mimi mwenyewe nikikumbuka aibu ile hasira inanipanda upya.

Nilikuwa mpangaji Kisugu, hapa Kampala, Mkenya mseja, na nyuma ya chumba changu kulikuwa na gogo bovu lililotobolewa na wale nyuki wakubwa weusi wasiokaa mzingani, wametaga humo humo, nami nikawapandia alizeti na mbaazi wapate chakula (ndiyo, majirani walisema nimerogwa). Mara mwenye nyumba, mzee mstaafu wa jeshi, akataka kujenga vyumba palepale. Jirani yetu Mama Nakato alikuwa na kona tupu kwenye migomba yake. Badala ya kwenda kumwomba mwenyewe, kwa uvivu wangu nikamtuma huyo mzee, aliyejisifu kwamba Kiswahili cha jeshi ndicho Kiswahili.

“Mwambie nataka mahali kwake, Jumapili nije tuongee. Na gogo litangulie.”

“Mahari? Kwa mama ya Nakato?” Macho yalimtoka. (Nikadhani ni ile r yake ya siku zote anayoiweka penye l.) “Kumbe weye iko na heshima!”

Jumapili nikaenda na gambuti na jembe begani, nikakuta mikeka imetandikwa, mashangazi wamevaa magauni ya sherehe, gomesi, na Nakato, binti mwenyewe, kasukwa nywele akipendeza, hanitazami.

“Ng'ombe iko wapi?” shangazi mmoja akaniuliza.

“Ng'ombe wa nini? Nimekuja kupanda maua ya nyuki!”

Nakato akajifunika uso na kukimbilia ndani, na mama yake akasimama. “Unachezea mutoto yangu mbele ya watu?”

Nikamgeukia mzee. “Nilisema mahali! Ma-ha-li!”

“Ndiyo,” akajibu bila haya, “mahari!”

Ningemrukia, lakini nikasikia harufu ya moshi. Gogo langu walidhani ni zawadi ya kuni, lilikuwa chini ya sufuria ya matoke, nusu limeshakuwa majivu. Nikapiga kelele, “Mnachoma nyuki wangu!” nikalivuta kwa mikono, sufuria ikapinduka, na wageni wote wakaamini kweli nimerogwa.

Kona sikupewa, na kwa Mama Nakato sikanyagi tena. Tangu siku ile nikitaka kitu naenda kukiomba kwa mdomo wangu, na neno mahali silitamki Kampala hii, nasema kona. Ila nyuki waliokuwa nje wakati ule walirudi, wakazunguka ule moshi mpaka jioni wakitafuta mlango wao. Mzee nilishamsamehe. Mimi mwenyewe bado sijajisamehe.