Nguruwe wa Mama Maeng

Mimi nachonga funguo na kushona viatu, mlango wa pili kutoka kwa Mama Maeng Ok-ja. Kwa hiyo yote niliyaona, na mengine naona haya kuyasimulia.

Ana miaka sitini na mitatu, na ishirini na sita ameimalizia kwenye sufuria lile lile la supu ya nguruwe. Alipofungua mgahawa wake, mji wetu wa Seonha ulikuwa mashamba ya mpunga na kituo kimoja cha basi. Leo maghorofa yanaota kila mwezi. Juu ya mlango wake kulikuwa na bango jekundu la nguruwe anayecheka, unaliona tangu barabara kuu. Mhamiaji akielekeza ndugu zake husema, "Tafuta nguruwe, kata kushoto." Ramani za simu hazisaidii, barabara ni mpya mno; simu inakwambia umesimama shambani.

Sasa manispaa ikawa inakitaka kiwanda cha betri. Kiwanda kikasema sawa, lakini kwanza familia arobaini za wafanyakazi zije Alhamisi, kila moja na gari lake, zione kama pahali panakalika. Idara ya kuvutia wawekezaji ikaona mtaa wetu unatia aibu. Ikatuletea mabango ya bure: meupe, ukubwa mmoja, herufi za kijivu. Tuna maduka arobaini na mawili. Arobaini na moja tulikubali. Mimi nilikuwa wa tatu kutia sahihi, tena nilipanga foleni.

Mama Maeng alikataa. Afisa Tak Se-rin wa idara ile, binti mwenye adabu zake, alimfuata mara nne, akimwita mama mdogo kwa heshima tu.

"Mama mdogo, wageni wanapenda mji uliotulia."

"Wanaotaka utulivu waende makaburini. Umekula?"

"Bado, lakini..."

"Kaa ule. Bango halishuki."

Binti alikula mpaka akakausha bakuli, akarudi ofisini mikono mitupu.

Jumatatu akaja mwenye jengo, Bwana Seong Gi-pal. Mkataba wa Mama Maeng ulikuwa unaisha mwezi ule, na yeye hakuuma maneno.

"Bango au chumba. Chagua."

"Nimechagua vyote viwili," alijibu Mama Maeng, akaendelea kukata figili.

Jumatano, Mama Maeng alipokwenda machinjioni kuchukua utumbo, Bwana Seong alileta watu wawili na ngazi. Wakamshusha nguruwe, wakapachika jeupe. Mimi nilikuwa ndani, nyundo mkononi, nikijifanya nagonga kisigino. Mama aliporudi aliangalia juu, kisha akaniangalia mimi.

"Fundi, hukusikia kitu?"

"Nilikuwa nagonga, dada."

"Pole kwa masikio."

Akamburuta nguruwe ndani, akamfuta vumbi, akamwegemeza jikoni. Nilijiona si mtu, siku nzima.

Alhamisi saa nne wakubwa wa manispaa walisimama kwenye kona yetu na maua. Saa tano kasoro zilikuwa zimefika familia mbili. Tak Se-rin alifungua kadi ya mwaliko aliyoiandika mwenyewe mwezi uliopita, na uso ukamshuka. Ilisomeka: "Tukutane chini ya nguruwe anayecheka." Familia thelathini na nane zilikuwa zinazunguka Seonha zikitafuta nguruwe, na saa sita zilitakiwa mji wa jirani, ambao nao unakitaka kiwanda hicho hicho.

Binti akakimbilia jikoni.

"Mama mdogo, nakuomba. Nguruwe arudi."

"Nguruwe amestaafu."

"Mama mdogo."

"Haya. Nitampandisha mwenyewe. Lakini aliyemshusha aje anishikie ngazi."

Bwana Seong aliitwa, akaja na suti na tai, akashika ngazi mbele ya watu wote. Safari hii nilitoka. Nilimbeba nguruwe, nikasimama na bolti kiganjani, nikawa nampa Mama Maeng moja moja. Zilikuwa nne. Alipokaza ya tatu, akatulia.

"Bwana Seong, mkataba wangu ni wa miaka mingapi?"

"Tutaongea ofisini."

Akaanza kuifungua ile ya tatu, taratibu.

"Huku juu naona mbali," alisema. "Lile gari la bluu linapita mara ya pili. Lina watoto nyuma."

"Miwili," alisema Bwana Seong.

Bolti ikaanguka, ikampata begani. Mkubwa mmoja wa manispaa akamtazama Bwana Seong kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo.

"Mitano," alinong'ona Bwana Seong.

"Sema kwa sauti. Fundi masikio yake mazito siku hizi."

"Mitano!"

"Umesikia, Fundi?"

"Nimesikia, dada," nilisema, na nilisema kwa nguvu mpaka wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Kisha nikaiokota ile bolti, nikampa pamoja na ya nne.