Wimbo wa Kuvusha Kijito

Katika kambi ya wakoma kule Mbozi, mtoto hakunyonya kwa mama yake hata mara moja. Akizaliwa tu alichukuliwa na kulelewa katika nyumba iliyokuwa ng'ambo ya kijito, eti asiambukizwe. Jumapili walezi waliwaleta watoto ukingoni, nasi tulisimama ukingo wetu, sote tumejitanda kaniki za kambi, tunafanana kama magunzi. Mtoto angemjuaje mama yake? Kwa sauti. Kila mama alikuwa na wimbo wake, na mtoto akiusikia alipunga mkono. Mimi sikuwa na mtoto. Nilikwenda kutazama, na wivu uliniuma.

Mwanamke mmoja wa Ivuna, mchemsha chumvi, hakuwa na wimbo. Tangu achukuliwe binti yake hakuwa amefungua kinywa. Binti alishajua kutembea na kusema, na kila Jumapili alikaa akirusha majani majini, hamtazami mtu.

Dresa aliyetuosha vidonda, mzee wa Kilambya, ndiye aliyeanzisha kuimba mchana. Nyimbo za kanisa zilikuwa za Kiswahili, na Kiswahili chenyewe tulikuwa tunakiokoteza. Mwalimu wa dini alitukemea kwa kuyaharibu maneno. Dresa akasema, "Akina mama, hapa hakuna kukosea. Kila mtu aimbe alivyosikia, halafu atueleze." Mama mmoja wa kabila la Wanamwanga miaka yote alikuwa akiimba "mbuzi" palipo na "mbingu", na akatueleza mbuzi huyo alivyo, mweupe, ana ndevu. Tulicheka hadi bandeji zikalegea. Kwa kitambo tuliisahau harufu yetu.

Mchana mmoja yule wa Ivuna akaimba. Mahali pa "tutavuka mto" alisema "tutawasha moto."

"Moto wa nini, mama?" dresa akamuuliza.

"Wa chumvi, baba. Ukizimika maji hayajakauka, kazi yote imepotea."

Safari hii hatukucheka. Tuliimba naye moto wake mpaka jua likashuka.

Jumapili akauimba ukingoni. Binti hakugeuka. Jumapili iliyofuata, vilevile. Mimi nilitamani kumtupia jiwe yule mtoto. Lakini mama hakuacha, na kahawa ilipoanza kuiva, binti aliinua mkono, akaimba naye. Mlezi akamsahihisha, "Mto, mwanangu." Mtoto akagoma. Akasema moto, kama mama yake.

Mvua zilipokuja, kichomi kilimchukua mama. Tulimzika katika matope, nyuma ya shamba letu la viazi. Hakuna aliyevuka kumwambia mtoto. Sisi hatukuruhusiwa, na walezi waliona ni mdogo mno kuelewa.

Jumapili akaletwa. Akaimba, akainua mkono, akanyamaza kungoja zamu ya mama yake. Tukatazamana. Kisha tukaimba sote, moto wake, neno kwa neno.

Mtoto alitusikiliza hadi mwisho, akashusha mkono. Halafu akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, maana alidhani mama yake hajamsikia.