Buldoza la Elkanah na Mteremko wa Magunga

Kama kuna jambo lililomchosha Elkanah Oduma katika miaka yake sitini na saba, ni watu kuita kila chuma cha manjano katapila. Greda kwao ni katapila. Mashine ya kushindilia lami ni katapila. Hata trekta la jirani likipita na jembe nyuma, watoto hulikimbilia wakipiga kelele, katapila, katapila! Jumamosi moja kanisani, mchungaji aliombea kazi ya bwawa na "greda letu". Elkanah alingoja amina, na hakungoja zaidi ya hapo. Alisimama akamweleza mchungaji kwamba lililoombewa ni buldoza, na kwamba Mungu anajua tofauti hata kama wengine hawajui. Filister, mkewe, aliinamisha kichwa mpaka ibada ikaisha.

Aliona ana haki ya kukasirika. Aliingia kazini mwaka wa sabini na nane, kwenye barabara za upande wa Rongo, chini ya Nyakundi, Mkisii mfupi aliyefundisha kwa spana: ukikosea, spana inagonga kofia yako. Nyakundi alimfundisha mambo mawili. La kwanza, usiamini mdomo wa mtu kuhusu mashine. Soma nambari iliyogongwa kwenye chuma. La pili lilikuwa gumu zaidi. Buldoza la zamani halina usukani, lina leva mbili, moja kwa kila cheni ya chuma linayotembelea. Ukivuta ya kushoto, unaiachia cheni ya kushoto, ya kulia inasukuma, na buldoza linakata kushoto. Lakini kwenye mteremko uzito wenyewe ndio unaosukuma. Ile cheni uliyoiachia inakimbia mbele, na buldoza linakata upande wa pili. Kwa hiyo ukiteremka, vuta kinyume. Spana iligonga kofia ya Elkanah hadi mikono yake ikajua jambo hilo bila kukiuliza kichwa.

Tangu siku hizo alikalia mto wake mwenyewe, wa gunia lililojazwa sufi. Filister alikuwa ameubadilisha kitambaa mara nne. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuukalia.

Basi mwaka jana Gordon, mkandarasi wa Rongo, akanunua buldoza kuukuu kwenye mnada, akapata na kazi ya kufungua njia ya kuteremkia bwawa jipya ng'ambo ya Magunga, kisha kulichimba. Akamwita Elkanah aje kuliona.

"Baba, hii ni ya tisini na mbili," Gordon alisema akipigapiga rangi mpya. "Wamenipa hadi karatasi."

"Karatasi imeandikwa na nani? Na hii chuma inasemaje?"

Elkanah alichukua kisu, akakwangua rangi ubavuni mwa injini, akapafuta kwa kitambaa chenye dizeli, akavaa miwani.

"Sitini na moja. Yawa, Gordon! Hii ni mkubwa wako. Hata kuisalimia hujaisalimia."

Gordon alinuna, kisha akauliza ufunguo wa kuwashia uko wapi. Elkanah alishusha pumzi. Mtu ananunua kitu kikubwa kuliko nyumba yake na hajui hata kinavyoamka! Alimwonyesha injini ndogo ya petroli, ile inayovutwa kwa kamba, ambayo ndiyo huiamsha injini kubwa. Ikaamka, ikatoa moshi mweusi, na Elkanah akasikia raha ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka sita. Mabuldoza ya siku hizi yana skrini na kijiti kimoja kama cha mchezo wa watoto, na hakuna mwenye mashine hizo aliyemtaka tena. Kama kilikuwapo kiti kilichobaki kwa ajili yake duniani, ni hicho.

Ila Gordon alikuwa na neno moja. Waliompa kazi walitaka opereta mwenye cheti, na cheti Elkanah hakuwa nacho. Kwa hiyo aliletwa Mourine kutoka Isebania, Mkuria wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, cheti chake kimewekwa ndani ya plastiki. Gordon alikata shauri hivi: mzee akifikisha njia bwawani salama, kiti ni chake mpaka kazi iishe, na Mourine atabaki kuwa cheti tu. Akishindwa, kiti ni cha Mourine.

Mourine hakubishana. Alizunguka buldoza mara mbili, akapanda, akavutavuta leva, akainama kutazama chini.

"Mzee, mbona breki ya mguu ni moja? Hizi za zamani si huwa na mbili?"

"Ya pili ilikatika. Ukifika umri huo na wewe utakosa kitu."

"Na leva ni laini sana. Mimi naona huku nyuma waliweka matumbo ya mashine ingine, ile leva inaachia cheni na kuishika kwa breki pamoja. Hiyo haitaki kinyume. Jaribu kwanza pale kwa kamteremko kadogo."

"Msichana, nambari haidanganyi."

"Lakini hiyo nambari ni ya injini, mzee."

Elkanah alimtazama juu ya miwani. Nyakundi angelikuwa hai, spana ingepata kazi. "Penye wazee haliharibiki neno," alisema, akaweka mto wake, akakaa.

Njia iliteremka vizuri. Bledi ya mbele ilikwangua udongo, mawe yakasukumwa pembeni, na akina mama wa kanisa waliosimama na mchungaji karibu na tangi lao jipya la maji wakapiga vigelegele. Hapo penye tangi palikuwa na kona: njia kushoto, tangi kulia. Elkanah alivuta leva ya kulia, kama alivyofanya miaka arobaini.

Buldoza likakata kulia.

Akavuta zaidi, likakata zaidi. Vigelegele vikawa mayowe. Mourine alikuwa akikimbia kando yake, "Kushoto! Mzee, vuta kushoto!" Elkanah alimsikia vizuri. Kichwa kilikubali, mikono ilikataa. Kitu pekee ilichokubali kufanya ni kuangusha bledi chini. Ikauma udongo, buldoza likatikisika, likasimama. Kati ya bledi na tangi, kuku angepita kwa shida.

Kisha wakaanza kumsamehe, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

"Pole baba, ni huu mteremko," walisema akina mama.

"Ni chuma ya zamani," alisema Gordon.

"Ni shetani," alisema mchungaji.

"Shetani gani!" Elkanah alifoka. "Shetani alivuta leva? Ni mimi! Huyu mama aliniambia, nikakataa. Mnanibembeleza kama mtoto, yawa!"

Alishuka na mto wake kwapani, aibu ikimchoma kuliko jua. Mourine alipanda. Lakini alikuwa mfupi. Alinyoosha shingo huku, akanyoosha huku, na Elkanah aliyekuwa akitazama kutoka chini akavumilia mpaka akashindwa. Akapanda tena.

"Inuka," alisema. Akaweka mto. "Sasa unaona pembe ya bledi?"

"Naona, mzee."

Alishuka, akasimama mbele akimwongoza kwa mikono. Mourine alirudisha nyuma, akavuta kushoto, na buldoza likaenda kushoto, kirahisi tu, hata ikamuudhi. Kutwa nzima alitafuta kosa la kumsahihisha. Alilipata moja, dogo, akalipigia kelele kubwa. Saa kumi na moja njia ilikuwa imefika bwawani.

Mourine alishuka akiukung'uta mto vumbi, akaushika kwa mikono miwili kumrudishia. Gordon alikuwa amesimama karibu, akitazama pembeni.

"Asante, mzee. Kesho utakaa wewe?"

Elkanah aliupokea, akaugeuza, akakagua mishono ya Filister kana kwamba kuna mahali ilipofumuka.

"Kesho njoo na mto wako," alisema. "Huu unaenda nyumbani."