Lebo Mia Mbili za Kofia za Mama

Kwa wiki tatu mtu aliyeniandikia mara nyingi kuliko wote alikuwa mchapaji wa lebo wa Mombasa. Hatujawahi kuonana. Sijui hata kama ni mzee au kijana. Aliniita "dada", na kila ujumbe aliumaliza kwa picha ya kikombe cha chai.

Nieleze nilivyofika huko. Mimi ni wa Siyu, kisiwani Pate, lakini tangu kidato cha kwanza nakaa Wiyoni, hapa Lamu mjini, kwa mama mdogo, kwa ajili ya shule. Mama amebaki Siyu. Yeye na wanawake wengine watatu wa mtaa wetu hushona kofia za mkono, zile nyeupe zilizojaa matundu madogo, na kila tundu huzungushwa uzi kwa sindano. Kofia moja huchukua miezi miwili, mitatu kama macho yanasumbua. Zikifika Wiyoni mama mdogo huzifua, huzitia wanga, huzivalisha sufuria iliyopinduliwa zikaukie umbo, kisha huzipeleka kwa mwenye duka mtaa wa Mkomani.

Mwaka huu akatokea mfanyabiashara wa nguo kutoka Mombasa. Alizishika kofia, akazigeuza ndani nje, akauliza, "Lebo iko wapi?" Mama mdogo akamwambia hazina, hazijawahi kuwa nayo. Yule bwana akasema kofia isiyo na lebo mteja huiona kama ya kuokota. Alitaka lebo ndani ya kila kofia, na vifuko vya kitambaa vyenye beji ya kushonwa mbele.

Mama mdogo alirudi nyumbani akanikabidhi simu yake.

"We ndiye msomi. Tafuta hizo lebo. Andika 'Kofia za Lamu', basi. Usinitilie mapambo."

"Si za Lamu," nikasema. "Za Siyu."

"Siyu nani anaijua huko Mombasa? Andika nilivyokwambia."

Sikusema tena. Mimi huwa sisemi tena. Nina maneno mawili matatu ya mwanzo, mtu akiyajibu kwa sauti kubwa yanakwisha.

Shuleni ndivyo ilivyokuwa tangu muhula wa kwanza, siku niliposimama kusoma insha nikasema "yeo" badala ya "leo". Msichana mmoja aliyekuja na wazazi wake kutoka bara akapiga meza. "Ati yeo! Rudia, rudia! Wewe bibi, una wajukuu wangapi?" Darasa zima likacheka. Waliocheka zaidi ni wasichana wa hapa hapa mjini, ambao kwao nyumbani husema hivyo hivyo. Nilikaa. Tangu siku hiyo naitwa Bibi, na wakati wa mapumziko nakaa darasani na daftari hili, najifanya nina kazi. Sasa niko kidato cha tatu. Sina ugomvi na mtu, wala sina mtu.

Kwa hiyo mchapaji alipoandika, "Karibu dada, unataka lebo za aina gani?" nilihisi kama mtu amenivutia kiti.

Sikujua kwamba lebo zina aina. Kuna za kufumwa, maandishi ni nyuzi zenyewe, na kuna za kuchapwa juu ya satini, laini lakini wino hufifia zikifuliwa sana. Kuna za pamba, na kuna viraka vya ngozi vyenye maandishi ya kugandamizwa kwa moto. Kuna ya kukunjwa katikati, ikaning'inia kama ulimi, na ya kulazwa bapa na kushonwa pande nne. Alinitumia picha ya kila moja. Kwanza nilitaka ngozi, kwa sababu Siyu ni watu wa ngozi, viatu vyetu vinajulikana. Nikamwonyesha mama mdogo.

"Ngozi ndani ya kofia? Mtu atoke jasho, imkwaruze utosi? Wataka tuapizwe msikitini?"

Nikachagua ya kufumwa, bapa, nyeupe maandishi ya kijani. Nilikuwa nimekwisha kuichagua siku ya tatu. Lakini niliendelea kuuliza. Kingo zake zinakatwa au zinakunjwa? Kijani hicho hakina kingine kilichokolea zaidi? Beji ya kifuko ikiwa duara itagharimu sawa na ya pembe nne? Majibu mengine nilikuwa nayo tayari. Niliuliza tu ili simu ilie.

"Dada, una maswali kama wakili," aliniandikia siku moja, na kikombe chake cha chai.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama mdogo akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna.

Kisha akaandika, "Haya, tufume maneno gani?"

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya, na sitasema nilikosea kubonyeza. Nilikuwa nimekaa na kofia moja ya mama mapajani, naitazama kazi yake, na nikaona watu watamsifu yule bwana wa Mombasa, watamsifu mama mdogo, watasifu Lamu yote, na aliyepinda shingo miezi miwili hatajulikana alikuwa nani. Sikuandika "Kofia za Lamu". Niliandika jina la mama. Nikaomba liandikwe kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo mama anazozisoma vizuri, na kwa sababu lilikuwa zuri, limejikunja kama uzi wenyewe. Mchapaji akatuma mchoro. Akauliza, "Una hakika, dada?" Nikamjibu ndiyo. Idadi ya chini anayofuma ni mia mbili, basi zikawa mia mbili.

Baada ya hapo hakuandika tena. Kazi ilikuwa imekwisha. Nilimtumia "asante" mara mbili.

Boksi lilifika mchana wa Alhamisi. Mama mdogo alilifungua kwa kisu cha kumenyea viazi, akachomoa lebo moja, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Aliisoma. Akachomoa nyingine akaisoma pia, utadhani hiyo ya pili ingesema kitu kingine.

"Nini hiki?"

Nikaanza kuzikusanya karatasi za boksi.

"Nakuuliza wewe. Hili si jina la mamako?"

"Ndilo."

"Jina la mtu wa nyumba ya Mtume, swalallahu alaihi wasalam, kwa herufi za Kiarabu, ndani ya kofia! Mtu akienda chooni nayo kichwani? Akiitupa kitini mwenziwe akaikalia? Ikichakaa ikafanywa kitambaa cha kufutia meza? Astaghfirullah, mtoto umesoma mpaka umepitiliza!"

Chuoni, tulipokuwa wadogo tukisomeshwa Kurani, tukiona karatasi yenye herufi hizo njiani tulikuwa tunaiokota, tunaibusu, tunaichomeka kwenye tundu la ukuta isikanyagwe. Mimi mwenyewe nimeokota nyingi. Na katika wiki tatu za kuuliza habari za kingo na kijani, hilo halikunijia hata mara moja.

"Halafu ni yupi?" mama mdogo akaendelea. "Jina hilo Siyu wako thelathini! Nusu ya Siyu itasema ni wao!"

Hapo alicheka kidogo, bila kutaka, na kicheko chake kikaniuma kuliko makelele. Akaagiza lebo nyingine mwenyewe, kwa kupiga simu, dakika mbili zikatosha. "Kofia za Lamu. Ndiyo. Kijani hicho hicho." Na mimi nikaambiwa likizo fupi ikifika nizipeleke zile mia mbili kwa mama. "Mwenye jina aamue. Mimi sizichomi wala sizitupi."

Nilizibeba kwenye begi la shule. Boti mpaka gati la Mtangawanda, kisha pikipiki mpaka Siyu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, na nilitaraji, nasema kweli, kwamba mama ataona jina lake na atafurahi, hata kama mama mdogo ana haki. Nilitaka angalau mtu mmoja afurahi.

Mama alikuwa barazani na kofia mkononi, miwani imeshuka puani.

"Ndoo mwanangu, ndoo ukae. Mbona umekonda? Huyo ndugu yangu hakupi chakula?"

Nilimwekea boksi mbele. Alichukua lebo moja akaiweka kiganjani. Aliisoma polepole, midomo ikitikisika, kama anavyosoma msahafu.

"Ina langu," akasema, akilipitishia jina lake kidole.

"Ndiyo."

"Nani kafanya?"

"Mimi. Ili watu wajue ni wewe uliyezishona."

Aliigeuza lebo nyuma, akaigeuza tena mbele. Alipita mbuzi, alipita mtu na mkokoteni. Kisha akauliza, "Na za wenzangu? Za hawa watatu? Ungezitia ina la nani?"

Sikuwa nimewafikiria. Lebo mia mbili, na kofia zote huja Wiyoni katika mfuko mmoja. Mmoja wa hao watatu ndiye aliyenifunga kitovu nilipozaliwa. Ningeichukua miezi yake miwili nikaiandika jina la mama, na nisingejua.

"Sikukusudia," nikasema.

"Najua hukukusudia." Aliirudisha lebo ndani ya boksi, akalifunika. "Ina huandikwa kaburini, mwanangu. Mimi mbona bado niko hai? Ukinitaka, niite."

Alisema hivyo kwa wepesi, kama utani, akasukuma sindano kwenye kitambaa. Nikaanza kulia, na sikulia kwa sababu ya lebo. Nililia kwa sababu Wiyoni hakuna wa kumwita. Simu yake mama haina bando mara nyingi, na ikiwa nalo mtandao hauna. Nilitaka jina lake liwe mahali ninapoweza kulishika. Hilo nililijua pale pale, sikulijua kabla. Mama alidhani nalilia kosa. Akaniambia basi, basi, si jambo kubwa, na mimi sikumsahihisha.

Tulizifukia alasiri, kama zifukiwavyo kurasa kuukuu za msahafu, nyuma ya nyumba, palipo safi, pasipopita mtu. Mama alichimba kwa jembe dogo na mimi nikazimimina. Nilimwomba nibaki na moja. Akatikisa kichwa.

"Utaiangusha mahali. Wewe huangusha kila kitu."

Aliporudi barazani aliniita nikae karibu, akaigeuza ndani ile kofia aliyokuwa akiishona. Nyuma, mahali ambapo ncha mbili za ukanda unaozunguka kichwa hukutana, akanionyesha mishono mitatu midogo iliyolala upande, wakati mingine yote imesimama. Ukiipita kwa jicho huioni. Inabidi uguse.

"Hii ni mimi," akasema. "Yule wa nyumba ya pili huacha fundo moja nene. Yule mwengine hukatisha uzi msalaba. Ikirudi kofia kuukuu, niletewe niitengeneze, naijua ni ya nani kabla sijavaa miwani."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa hupendi kofia wewe. Ulikuwa wapenda vitabu."

Nilirudi Wiyoni Jumapili. Lebo mpya zilikuwa zimekwisha kufika, KOFIA ZA LAMU, herufi nene, na kofia kumi na moja zinangoja mezani. Kazi ya kuzishona ilikuwa yangu, kwa adhabu au kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi, sikuelezwa. Mama mdogo alichukua kofia ya kwanza, akaigeuza, akaweka kidole nyuma, pale ncha za ukanda zinapokutana.

"Hapa. Pazibe hapa, ufiche huu mshono."

Nilipagusa. Palikuwa na fundo moja, nene.

"Si hapo," nikasema.

"Nini?"

"Lebo isikae hapo. Ikae ubavuni." Sauti ilinitoka ndogo, lakini ilitoka, na nilikuwa na sentensi nyingine nyuma yake, na nyingine tena. Nilikuwa tayari kumweleza fundo na msalaba na mishono mitatu.

Mama mdogo hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Popote," akasema. "Ziwe tayari kabla ya adhuhuri."

Kisha akaenda zake jikoni. Nikabaki na zile sentensi nyingine. Nikazigeuza kofia zote kumi na moja, moja moja, nikipitisha kidole nyuma kwa macho yaliyofungwa. Nne zilikuwa za mama. Nikazitenga upande wangu wa meza na kuanza kushona lebo ubavuni mwa zile saba, ili za mama ziwe za mwisho kuondoka mkononi mwangu.