Mlio wa Katikati kwenye Daraja la Kijito cha Plum

Sauti ninayoikumbuka ni ya mbao. Du, kimya kidogo, kisha du nzito kama mtu aliyetua gunia la mahindi, kisha du nyepesi ya mwisho. Mara tatu. Magari mengine yote yakivuka Kijito cha Plum yaligonga mara nne, kwa sababu ubao wa kila mwisho wa daraja ulikuwa umelegea, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yaliukanyaga kila moja kwa zamu yake. Basi la shule la Marvella Kucera peke yake liligonga mara tatu. Nimeendesha greda la wilaya yetu hapa Nebraska miaka kumi na tisa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Marvella alikuwa na miaka sitini na miwili, mrefu, mwenye sauti ya chini hata akigomba. Kibao cha darajani kilisema mwisho tani kumi. Basi tupu lilikuwa tani tisa na nusu. Ukiongeza watoto ishirini na wawili na mabegi yao, linazidi. Kwa hiyo kila asubuhi alisimama, akawashusha, wakavuka kwa miguu wameshika ukingo, naye akavusha basi tupu na kuwapakia upande wa pili. Miaka tisa hivyo. Watoto waliona ni mchezo. Yeye siku za barafu alihesabu kofia zao mara mbili.

Mwezi wa nne bunge la jimbo likapitisha sheria. Madaraja madogo ya wilaya kadhaa yataunganishwa kwenye mkataba mmoja, maana hakuna mkandarasi anayehamisha mitambo yake kwa ajili ya kijidaraja kimoja, na jimbo litalipa sehemu kubwa. Tulifurahi. Halafu orodha ya wilaya ikaandikwa, na daraja letu halimo. Sheria ilitaka daraja lizidi futi ishirini. Letu kwenye jalada lilikuwa na futi kumi na nane. Wakaguzi walikwisha kuagiza lifungwe kabla ya baridi. Likifungwa bila la kulirithi, basi la shule litazunguka maili kumi na nne, na wazazi wa ng'ambo ya kijito walikwisha kusema watawahamishia watoto shule ya mji mwingine. Orodha ingepelekwa mji mkuu Ijumaa.

Jumatano Marvella aliingia ofisi ya barabara na sahani ya kolache, vile vimkate vya jamu ya plamu. Mhandisi wetu, Garrett Pospisil, kijana wa miaka thelathini na minne, alikuwa amesomea shule ileile na kupanda basi la huyuhuyu.

"Bi Marvella, hata ukileta tanuri zima, sheria ni sheria," alisema, mkono wake ukiwa umeshafika kwenye sahani.

"Kula kwanza. Daraja lako si futi kumi na nane."

"Jalada linasema hivyo tangu mwaka sabini na moja."

"Jalada halijawahi kuendesha basi."

Akaeleza taratibu. Kitabu cha basi kinaonyesha kwamba kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni futi ishirini na moja. Magurudumu ya mbele yanapougonga ubao wa kutokea, ya nyuma yanaugonga wa kuingilia, papo hapo. Ndiyo maana milio miwili inakuwa mmoja. Kama daraja lingekuwa futi kumi na nane, angesikia minne kama watu wengine.

Garrett aliacha kutafuna. "Masikio si kipimo, mama."

"Sijakwambia uandike masikio. Nimekwambia ukapime. Tangu darasa la pili unajibu kabla hujasikia swali."

Nikacheka, nikatumwa kuleta futikamba.

Garrett alifanya kama kila mtu afanyavyo. Alishuka kijitoni, maji yakamfika magotini, akavuta futikamba kutoka ukuta mmoja unaobeba daraja hadi wa pili kwa njia ya mkato. Futi kumi na nane kamili. Alimtazama Marvella kwa huzuni. Marvella, aliyekuwa juu kwenye mbao, akamwomba asome sheria inataka kupimwa wapi. Garrett akaifungua kwenye simu. Akaisoma, kisha akairudia polepole: urefu hupimwa katikati ya barabara, kwa kufuata barabara inakoelekea.

Barabara yetu haikivuki kijito kwa kunyooka. Inakikata mshazari. Yule aliyepima mwaka sabini na moja alikuwa amepima upana wa maji, si barabara.

Tukashusha timazi kwenye kuta zote mbili, nikashika ncha ya futikamba katikati ya barabara. Futi ishirini na inchi saba. Garrett alipima mara tatu, kisha akaketi ukingoni, viatu vikichuruzika maji. Ijumaa daraja likaingia kwenye orodha.

Baridi ilipofika lilifungwa kweli, na basi likazunguka. Watoto wawili walihama. Wengine wazazi wao walivumilia, kwa kuwa mkataba ulikuwa umesainiwa.

Agosti iliyofuata shule ilifunguliwa, na daraja lilikuwa la zege. Marvella alitupakia mimi na Garrett kwenye kiti cha nyuma yake. Tulipolifikia, mguu wake ukasimamisha basi kwa mazoea, mkono ukafungua mlango. Nyuma yetu watoto wakainuka na kubeba mabegi.

Alilitazama daraja kwa muda. Akafunga mlango. Hakugeuka, na nadhani waliokaa mbali hawakumsikia.

"Kaeni."