Gari Lilikuwa Zima, Bosi Ndiye Hakupatikana

Admin, jina langu libaki kwako, na kituo pia usikitaje, maana hapa Songea tunajuana. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, mkunga katika shirika moja lisilo la kiserikali lenye zahanati huko vijijini, njia ya Namtumbo. Nyumbani ni Majengo. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiteleza kwenye lugha mnivumilie.

Mwaka jana tuliletewa bosi mpya. Msomi, anaongea vizuri hadi unatamani kupiga makofi. Kabla yake tulikuwa na mama mmoja ambaye funguo za gari la wagonjwa aliziacha kwa dereva. Mgonjwa akizidiwa mnaondoka, taarifa mtampa mkirudi. Huyu alipofika akasema huo ni ushamba. Gari haliondoki mpaka yeye aandike kwenye grupu la wasapu neno "endelea". Kuagiza glavu, endelea. Kubadilishana zamu, endelea. Hata ufagio jamani! Ofisi kuu wakamsifia, eti kituo sasa kina nidhamu. Nidhamu gani? Watu wameacha kufikiri. Yule wa maabara aliyekuwa anabaki mpaka mgonjwa wa mwisho apimwe, sasa ikifika saa tisa na nusu begi liko begani. Ukimwuliza anakujibu, "Sijaambiwa endelea." Tunacheka, lakini inauma.

Dereva wetu, nimwite Baba Asifiwe, ni mtu mzima, mimi namwamkia shikamoo. Aliwahi kumkimbiza bibi mmoja mwenye pumu hospitali ya mjini bila kusubiri hilo neno. Bibi akapona. Bosi akamsimamisha mbele ya wafanyakazi wote aombe radhi, kama mtoto wa shule aliyechelewa mstarini. Tangu hapo mzee wa watu amekuwa mwoga.

Basi siku hiyo mchana analetwa dada mmoja, nimwite Zainabu, mimba ya kwanza, yeye na mumewe wanalima tumbaku. Nimemhudumia kliniki tangu mimba ikiwa changa. Uchungu ulianza vizuri, baadaye nikagundua mtoto amekaa vibaya na mapigo yake yanashuka. Sisi pale hatupasui. Anatakiwa mjini, haraka. Nikaandika kwenye grupu. Kimya. Nikapiga, simu imezimwa. Bosi alikuwa semina, na mnajua semina ya nini? Ya uongozi bora! Khaa!

Nikatoka mbio. "Baba, twende, huyu dada atanifia."

Ameshika funguo, lakini mlango wa gari haufungui. "Mwanangu, safari hii ananifukuza. Subiri kidogo, atawasha simu."

Nikarudi kwa Zainabu, nikatoka tena. Mumewe ananiangalia mimi, analiangalia gari, haelewi. Tukasubiri. Mimi mkunga mzima nilisubiri neno kwenye simu huku mapigo ya mtoto yanafifia! Mwishowe nikapiga kelele, "Washa gari, kosa ni langu!" Ndipo tukaondoka. Kufika mjini wakampasua hapo hapo, na mama akapona. Mtoto wa kiume, mzuri, ana nywele tele, alikuwa ameshafariki.

Bosi alipowasha simu, alichoandika kwenye grupu hakikuwa pole. Aliandika, "Nani ameruhusu gari?" Halafu kesho yake huyo, yuko msibani na unga na sukari, kakaa mkekani na wazee, anawaambia gari lilikuwa bovu, dereva alikuwa anamsubiri fundi, na fundi alichelewa. Nilikuwa upande wa wanawake, nilimsikia kwa masikio yangu. Nilitaka nisimame nimuumbue. Lakini ni msiba wa watu, nikanyamaza.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Wiki ijayo wanakuja wafadhili. Bosi kaniita na tabasamu lake, eti nimwandae Zainabu atoe ushuhuda wa jinsi shirika lilivyookoa maisha yake. "Wewe anakuamini," akasema. "Mfundishe aongee kwa kifupi, na yale ya mtoto asiyaguse sana."

Nikamwambia, "Bosi, lile gari lilikuwa zima."

Akanitazama. "Dada, kazi yako unaipenda?"

Jana nikaenda kwa Zainabu, hata sijui naenda kusema nini. Kanipokea kwa furaha, kanitengea ugali na mboga za majani, kakataa kabisa nisaidie kuosha vyombo. Nikamweleza kuhusu wageni, akakubali papo hapo.

"Alhamdulillah, niko hai, nesi. Nitawashukuru wote," akasema. "Ila hao wageni nitawaomba kitu kimoja. Wawape gari jingine, lile bovu liondoke, mwanamke mwenzangu asije akapatwa na yaliyonipata mimi."

Na gari lenyewe limeegeshwa pale nje mlangoni kwake, limeoshwa linang'aa, ndilo lililonileta! Bosi alishaliruhusu tangu asubuhi. Nilitazama chini, chakula kikanishinda, nikasingizia tumbo.

Mume wangu ni mwalimu huko Tunduru, nilimpigia nikilia. Akaniambia, "Ukifukuzwa, huyo mtoto atafufuka?" Na najua nikifungua mdomo wa kwanza kutupwa ni Baba Asifiwe, ambaye amebakiza kidogo astaafu, na bosi atasema dereva ndiye aliyekataa kuendesha. Kwa hilo hata shahidi atampata, maana mume wa Zainabu alimwona amesimama na funguo mkononi.

Ndugu zangu mnaosoma, msinijibu "muachie Mungu", nimechoka kuisikia. Niambieni kama binadamu. Nimweleze Zainabu ukweli kabla hajasimama mbele ya wageni, au nikae kwenye kiti nipige makofi wakati anamshukuru mtu aliyemuulia mwanawe?